Jibu Lililotangulia Swali

Kabla sahani haijanifikia nimeshajibu.
"Daktari alinikataza," nasema,
kumbe jirani yangu mezani alitaka chumvi.

Mwaka wa kumi na moja huu sijala nyama.
Goma nzima imejengwa juu ya mawe meusi,
mimi nimejengwa juu ya neno moja: kwa nini?

Mimi ni mtu wa chukudu. Magunia sita ya viazi
kutoka Kibumba hadi Birere,
breki ni kandambili na goti langu,
na bado Bauma, ninayemzidi gunia zima,
ananiuliza mbele za watu nguvu nazitoa wapi.
Muulize ng'ombe, nikamwambia, yeye anakula nini.
Walicheka hadi wakashika mbavu.
Kauli ile nikaitunza kama panga,
usiku nainoa,
asubuhi natoka nayo hata pasipo na kichaka.

Msibani Ndosho walinisogezea mchuzi mtupu.
"Mchuzi si nyama," mama mmoja akanibembeleza,
"ni maji tu yaliyopita karibu na mbuzi."
Harusini Katindo shemeji alificha kipande
chini ya sombe, akanikazia macho nikitafuna,
kisha akapaza sauti: Mnaona? Hajafa!
Kweli sikufa.
Nilitoka nje nikasimama gizani, ulimi umekauka,
ngoma za watu zikiendelea.

Mchungaji nilimwambia ni nadhiri.
Bauma nilimwambia ni bei.
Muuguzi nilimwambia ni tumbo, akaandika.
Mama hakuuliza. Aliongeza maharage.

Wanaokula hawadaiwi sababu.
Njaa yao huingia nyumbani bila kubisha hodi;
yangu hutoa kadi ya uchaguzi
kwenye kila kizuizi, ikamulikwa tochi,
ikageuzwa mbele na nyuma,
picha ikalinganishwa na uso.

Na ukweli wenyewe ni mdogo, unanitia aibu:
siku moja sikuitamani,
na kesho yake pia.
Hakuna ndoto, hakuna malaika,
hakuna mbuzi aliyenitazama kwa huruma.
Lakini "sitaki tu" ni neno la walio wengi.
Akilisema mmoja, huambiwa ana kiburi,
au ana dini mpya,
au kuna mtu anamlipa.
Basi nikajenga ukuta kuzunguka kijibanda,
na mapito wanauona ukuta,
wanadhani ndani mna dhahabu.

Kule Kituku nilimpata mwenzangu, Rutega.
Naye nyama haonji! Nilimkumbatia
kama ndugu aliyerudi kutoka ukimbizini.
Kisha nikaona sambaza kwenye kiganja chake,
zimekaangwa, na macho yao madogo.
"Na hawa?" nikamuuliza. "Hawa walikuwa mahindi?"
Akaanza kunieleza habari za daktari.
Nikaisikia sauti, ilikuwa yangu.
Kicheko kilichofuata kilikuwa cha Bauma.

Jana usiku Kyakimwa, binti wa kaka yangu,
miaka tisa, meno mawili hayajaota,
alisimama mbele yangu na sufuria.
"Baba mdogo..."
Sikumwacha amalize. Nikamleta ng'ombe,
nikamleta muuguzi, nikaleta nadhiri na bei,
vyote, kwa pumzi moja.
Mtoto akangoja, upawa hewani,
maji ya lenga-lenga yakidondoka sakafuni.
"Nilikuwa nauliza," akasema, "kama nikuongezee."

Ongeza, nikasema.
Neno lilikuwa jepesi, halikuwa na mpini,
sikujua nilishike wapi.

Alfajiri nitapaka grisi kwenye ekseli, nipande Kibumba.
Bauma atakuwa pale kwenye kona, najua,
na panga bado liko chini ya mto.
Nimelisikia, nikigeuka, likinigusa shavu.